Uzi: Kwa nini tafakari ya Injili ya asubuhi haifiki saa nne?

#1 Mchambuzi_Fuoni
Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wenzetu, Bwana Yesu asifiwe.

Nna dai, nataka mlipime. Wakristo wengi wa Unguja na Pemba husoma Injili ya siku kabla ya kutoka nyumbani, na wengine hukaa nayo nusu saa nzima. Ikifika saa nne mtu yuko marikiti, ofisini, skuli au ndani ya daladala, na ile Injili haimo tena katika anachokifanya. Anapunja, anasengenya, ananuna, kama vile hakusoma kitu.

Kila siku tunaambiwa ni uvivu, au shetani, au dunia imeharibika. Mimi nasema kosa liko kwenye tafakari yenyewe: inaishia kwenye kuguswa. Mtu anafunga kitabu moyo umemlainika, basi. Hakuna jina la mtu, hakuna saa, hakuna mahali. Soma Mathayo 5:23-24 uone Bwana alivyofanya kinyume chake. Ameleta sadaka, amekumbuka, ameiacha mbele ya madhabahu, amekwenda, amepatana, amerudi, ametoa. Hata mahali pa kuiweka sadaka pametajwa! Sisi tunaisoma, tunasema "upatanisho ni jambo jema", tunakwenda kunywa chai.

Kwa hiyo pendekezo langu: tafakari isifungwe mpaka umeandika mstari mmoja wenye nani, nini, wapi, saa ngapi. "Leo nitakuwa mpole" haihesabiki. "Saa mbili, kabla ya kufungua duka, nampitia fulani Kikwajuni kumrudishia nilichomzidishia" inahesabika.

#2 Katekista_Machui
Milele amina. Ndugu, umeanzia mkiani. Tendo sahihi halitoki kwenye andiko ambalo mtu hakulisoma, na wengi hawalisomi. Hadithi wanaijua tangu mafundisho ya komunyo, basi macho yanateleza juu ya aya na akili inajaza yenyewe.

Namna ya kusoma ni hii. Chukua fungu la aya tano mpaka kumi na mbili, lisizidi. Soma kwa sauti, polepole. Nyamaza kama dakika moja. Soma tena kwa sauti, safari hii ukisubiri neno moja likushike, wala usilikimbilie. Mara ya tatu soma kimya, ukijiuliza: nani anasema, anamwambia nani, kabla ya hapo kumetokea nini? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linalofungua. Kisha sali kwa maneno yale yale ya andiko, usihame ukaingia kwenye orodha yako ya shida. Kisha kaa kimya mbele za Mungu. Dakika ishirini zinatosha.

Hii ndiyo ngazi ya Guigo wa Pili, mtawa Mkartusi wa karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, kutazama. Na tazama, ana vidato vinne tu, kidato cha tendo hakuweka. Kwa nini? Kwa sababu mtu akisoma vizuri tendo linakuja bila kulazimishwa.

#3 Dada_Kiembesamaki
Mmesahau simu. Tafakari nyingi siku hizi zinaingia kwenye makundi ya WhatsApp alfajiri. Juu kabisa imeandikwa "Lk 6:36-38", chini yake aya sita za maelezo ya mtu. Msomaji anasoma zile sita, Injili yenyewe haifungui. Kapokea mawazo ya mtu aliyeko mbali, kwa mifano ya huko aliko, halafu kidole kinashuka kwenye ujumbe unaofuata, tangazo la kiwanja au picha ya mtoto aliyefaulu. Mambo yote matatu yamechukua dakika mbili.

Dawa yake ndogo. Adhana ya alfajiri inapita karibu saa kumi na moja, na baada yake mtaa hutulia mpaka magari yaanze kuunguruma. Nusu saa ile ni zawadi tunayopewa bure na majirani zetu. Simu ibaki chumba cha pili, Biblia ya karatasi iwe mkononi. Maelezo ya mtu mwingine yasomwe baada ya andiko, na hapo tu pale palipokutatiza.

Kuhusu kuandika mstari, #1, sawa, lakini daftari halisaidii sana. Masomo ya Misa yana mizunguko miwili, Mwaka wa I na Mwaka wa II, na kila mwaka ukibadilika kutoka wa I kwenda wa II Injili za siku za wiki zinabadilika.

#4 Msomaji_Mkunazini
Dada, hapo nikurekebishe. Katika mpangilio wa Kikatoliki, kinachobadilika kati ya Mwaka wa I na wa II katika Kipindi cha Kawaida ni somo la kwanza na zaburi yake. Injili za siku za wiki ni zile zile kila mwaka: Marko wiki ya 1 hadi ya 9, Mathayo ya 10 hadi ya 21, Luka ya 22 hadi ya 34. Mzunguko wa A, B na C ni wa Dominika.

Maana yake daftari lina faida kubwa kuliko mnavyodhani. Ukiandika juu ya ukurasa "Jumatatu, wiki ya 12", mwakani siku hiyo hiyo utakutana na Injili hiyo hiyo na mstari wako wa mwaka jana. Utajua papo hapo kama ulitendeka.

Na Katekista, Guigo ni kweli ana vidato vinne. Lakini Papa Benedikto wa 16 mwaka 2010, alipoandika juu ya Neno la Mungu, alisema usomaji huu haujakamilika mpaka ufike kwenye tendo la upendo kwa wengine. Kwa hiyo #1 hakuzua.

#5 Mzani_Darajani
Niwaletee Injili moja niioneshe mpaka sokoni, kwa sababu tunazungumza juu juu.

Luka 6:38, kipimo cha kujaa, kushindiliwa, kusukwasukwa, hata kumwagika. Muuzaji wa nafaka anayaelewa yote manne kwa mikono yake. Kujaa ni kufika ukingoni. Kushindilia ni kubonyeza kwa kiganja. Kusuka ni kulitikisa kopo ili punje zishuke zizibe nafasi. Kumwagika ni kilima cha juu, kile kibaba cha tele, si kibaba cha mfuto kinachopitishiwa kijiti kikawa sawa na ukingo. Kwa unga, kushindilia na kusuka kunaleta tofauti kubwa, kwa sababu unga umejaa hewa. Kwa mchele ni kidogo. Kwa maharage makubwa, tofauti yote iko kwenye kile kilima.

Sasa punjo linapopita. Kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani. Kidole gumba kinachoingia ndani ya kopo wakati wa kuchota. Kuchota haraka na kuinua kabla punje hazijatulia. Mzani uliowekwa kwenye meza yenye mteremko, au ambao mshale wake hauanzi sifuri na muuzaji anajua. Kununua kwa kopo kubwa na kuuza kwa dogo, hili ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu halionekani: kila kopo peke yake linaonekana halali.

Aya inamalizia kwa kusema utapimiwa kwa kipimo kile kile unachopimia. Basi tendo la siku hiyo liko wazi: kopo moja, la kununulia na la kuuzia, na liwekwe mbele ya mteja. Hakuna haja ya tafakari ya kurasa tatu.

#6 Karafuu_Wete
Mzani, umeeleza vizuri mno habari za kopo, lakini andiko umelipeleka pasipo pake. Soma kuanzia aya ya 36: kuweni na huruma, msihukumu, msilaumu, achilieni, toeni. Kipimo pale ni cha hukumu na msamaha. Mtu anayempima jirani yake kwa kosa moja la mwaka juzi ndiye anayeambiwa. Habari za mizani tafuta Walawi 19:36 au Kumbukumbu 25:13-15, ambako hata lile la vipimo viwili, kikubwa na kidogo, limetajwa wazi.

Ndiyo yale ya Katekista: kabla ya hapo kumetokea nini?

#7 Mzani_Darajani
Nakubali kuhusu aya ya 36. Lakini "toeni" iko ndani ya aya ile ile ya 38, na Luka huyo huyo sura ya 19 anatuletea Zakayo, mtu wa fedha. Nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa anarudishiwa mara nne. Torati kwa mtu aliyekiri mwenyewe ilidai arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano tu, Walawi 6:5. Mara nne ni adhabu ya mwizi wa kondoo, Kutoka 22:1. Zakayo alijihukumu kama mwizi bila kushitakiwa. Huwezi kuniambia Injili haina habari na kopo langu.

#8 Mwanajumuiya_Tomondo
Bwana Yesu asifiwe. Nyote mnamzungumzia mtu mmoja na kitabu chake. Mimi naona tatizo liko hapo hapo: yuko peke yake. Saa nne hakuna anayejua alisoma nini, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

Zile Hatua Saba za Lumko, namna ya kusoma Biblia kwa pamoja iliyotoka Afrika Kusini na kuenea katika Jumuiya Ndogo Ndogo, zilitengenezwa kwa ajili ya hili. Moja, kumkaribisha Bwana kwa sala. Mbili, kusoma andiko. Tatu, kila mtu anataja neno au fungu fupi lililomgusa, analisema mara tatu, kuna kimya katikati. Nne, kimya cha pamoja, kama dakika tano. Tano, kushirikishana. Sita, kazi: Bwana anataka tufanye nini, nani anafanya, lini. Saba, sala za papo kwa papo.

Zinapoharibika ni hapa. Hatua ya tatu watu wanaanza kueleza kwa nini neno limewagusa, kumbe ni la kutajwa tu. Ya nne inakatwa kwa sababu kimya kinatisha, mtu anaanzisha wimbo. Ya tano mwenye elimu kidogo anahubiri dakika kumi na tano na wengine wanafunga midomo. Dawa yake ni kusema "mimi" na si "sisi Wakristo", na kila mtu kusema mara moja kabla yeyote hajasema mara ya pili. Ya sita inarukwa kwa kuwa muda umekwisha. Hatua ya sita ndiyo ile ya #1, ila hapa ina mashahidi, na mkutano unaofuata unaanza kwa kuuliza: ile kazi imefanyika?

#9 Bandarini_Mkoani
Mwanajumuiya, jumuiya nyingine hatua ya sita ni michango ya harusi na kamati ya mapambo. Kazi imegawiwa vizuri, nani na lini, kila kitu 😀

#10 Mwanajumuiya_Tomondo
😀 Ndiyo maana nikasema zinaharibika. Matangazo yawekwe baada ya sala ya mwisho, kitabu cha michango kisifunguliwe wakati Biblia iko wazi. Katibu akisimamia hilo, nusu ya kazi imekwisha.

#11 Mama_Mbweni
Nataka kurudi kwa Mathayo 5:23, wanangu, kwa sababu #1 ameitaja akaipita upesi, na ndipo wengi wanapokosea tendo lenyewe.

Aya inasema ukikumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Mwenye neno ni yeye, aliyekosa ni wewe. Mtu anasema "mimi sina kinyongo na mtu", anajiona amemaliza, anapokea komunyo. Hakuulizwa kinyongo chake! Kaulizwa cha mwenzake. Kinyongo chako wewe kiko Marko 11:25: msimamapo na kusali, sameheni. Huko huambiwi uende popote, unasamehe papo hapo ulipo. Na ikiwa ndugu amekukosa na bado anaendelea, hapo ni Mathayo 18:15, unakwenda, lakini wewe na yeye peke yenu.

Ni mambo matatu mbalimbali. Ukiyachanganya unaharibu: unamwendea mtu kumwambia "nimekusamehe" wakati yeye hajui kama alikukosa, na hapo umeanzisha ugomvi uliokuwa haupo.

Ukiwa wewe ndiye mkosaji, kwenda kuna adabu yake. Usiende barazani penye watu. Usimkute kwenye mkururo wa wateja. Taja kosa kwa jina lake. Usiseme "kama nimekukosea", ile "kama" inamrudishia mzigo. Sema utarudisha nini na lini. Kisha nyamaza, usimdai akujibu kuwa amekusamehe. Zawadi usitangulize, itaonekana ni ya kumziba mdomo.

Na Mathayo 18 ina ngazi: peke yenu, kisha na mtu mmoja au wawili, kisha kanisa. Sisi tunaanza na ya mwisho, tunamwambia Padre au tunaweka kwenye kundi. Ya pili nayo tunaiharibu kwa kuchukua marafiki zetu, wakati shahidi anatakiwa awe mtu ambaye yeye pia anamwamini.

#12 Dada_Kiembesamaki
Ahsante Mama, hilo la Marko 11 limenikaa. Swali: je, "ndugu" ni Mkristo mwenzangu tu? Huku kwetu jirani wa kushoto Mwislamu, wa kulia Mwislamu, mwenye duka Mwislamu.

#13 Mama_Mbweni
Soma aya ya 25 inayofuata hapo hapo: patana na mshitaki wako upesi, ungali pamoja naye njiani. Huyo ni mtu wa njiani tu, dini yake haikutajwa. Na Luka 10 imemaliza swali la jirani kwa kumweka Msamaria. Ila kwa Mwislamu angalia wakati. Usiende jua likizama anapokimbilia Magharibi. Baada ya Alasiri ni saa nzuri, mtu ametulia. Ikiwa jambo ni zito mpitie mzee wa mtaa anayeheshimiwa na nyote wawili, ndiyo ile ngazi ya pili.

#14 Karafuu_Wete
Na huyo Msamaria tumtazame vizuri, maana tafakari nyingi zinamfanya malaika. Alimimina mafuta na divai, alivyokuwa navyo. Alimpandisha mnyama wake, maana yake yeye alitembea. Alilala usiku mmoja. Kesho yake alitoa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kisha akaendelea na safari yake. Akasema akizidisha, nitalipa nikirudi. Kiasi kinajulikana, mtu wa kubaki na mgonjwa yupo, na ahadi ya kurudi ipo. Wanaoanza huruma bila kipimo huishiwa siku ya tatu, halafu wanamkwepa mgonjwa njiani.

#15 Kwaresima_Shangani
Mambo ya majirani yakitajwa lazima tufike Ramadhani. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla. Mwaka 2026 ni 18 Februari, karibu siku moja nayo. Kwa hiyo swali hili ni la Mkristo wa hapa hasa: Mathayo 6:16-18 inasema ukifunga paka mafuta kichwani, nawa uso, watu wasijue. Mji mzima umefunga, Mkristo hali barabarani mchana. Je, huko ni kufunga?

Kwa kanuni za Kanisa Katoliki kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye umri wa kuanzia miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wa 60: mlo mmoja kamili na viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo mmoja. Kujinyima nyama kunaanza miaka 14. Zaidi ya hapo ni hiari ya mtu. Kutokula hadharani mchana wa Ramadhani naona ni heshima kwa jirani, ile ya Warumi 14 ya kutomkwaza ndugu kwa chakula.

#16 Bandarini_Mkoani
Hapana, hiyo ni desturi ya mahali, na mtu anaifuata hata asipokuwa na Injili moyoni. Usiiandike kwenye daftari la #1 kama tendo la siku. Kujificha nyuma ya pazia na sahani ya wali saa saba, halafu jioni useme umemheshimu jirani, hapo umetenda nini?

Na sahani za futari je? Jirani anakuletea sahani ya maandazi na tambi, wewe hurudishi sahani tupu, unaweka chako. Krismasi unampelekea, Idi anakurudishia. Jambo zuri sana, lakini Luka 14:12-14 inasema ukifanya karamu usiwaite jirani matajiri wasije wakakualika nawe, waite maskini, vilema, viwete, vipofu. Sahani inayokwenda na kurudi, Injili imeshaitaja kuwa malipo yake yamepatikana.

#17 Mama_Mbweni
Mwanangu, sahani inayokwenda na kurudi ndiyo iliyotuweka salama mitaani. Usiipunguze. Luka 14 haikatazi ujirani, inakutaka uongeze sahani moja: ya mtu asiye na cha kukurudishia. Mlinzi wa usiku kutoka bara asiye na jiko. Mgonjwa wa ghorofani. Mzee anayeishi na mjukuu. Pika kibaba kimoja zaidi, tenga kabla ya kupakua yako, na peleka kwa mkono wako mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu ukisubiri kitakachobaki hakitabaki.

#18 Msomaji_Mkunazini
Naomba nitoke kidogo nje ya njia, ila nitarudi. Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, mwaka utumwa ulipokwisha Zanzibar. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo, Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi, na yeye mwenyewe amezikwa nyuma ya altare. Altare inatajwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Ukisoma Luka 4:18, kuwatangazia wafungwa kufunguliwa kwao, mbele ya altare ile, tafakari haiwezi kuishia kwenye hisia.

#19 Katekista_Machui
Tarehe ya soko ni sawa. Ila utumwa haukwisha 1873. Mkataba wa mwaka ule wa Sultani Barghash ulifunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Hali ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje mpaka 1909.

Marafiki, wale Wakristo waitwao Wakweka, walifika Pemba mwaka huo huo wa 1897 na kuanzisha misheni Banani kwa ajili ya walioachwa huru. Walijua amri iliyoandikwa haimpi mtu shamba, kazi wala mahali pa kulala. Nawe hapo Mbweni, Mama, mnajua: ardhi ile ilinunuliwa na misheni ya Anglikana mwaka 1871 ili walioachwa huru wapate kiwanja na nyumba. Luka 4:18 kwa vitendo ilikuwa kupima viwanja.

#20 Msomaji_Mkunazini
Ahsante kwa kunisahihisha, 1897 na 1909 ni sawa.

#21 Kwaresima_Shangani
Turudi. Mimi naona wote mmeweka uzito asubuhi, wakati kinachokosekana ni usiku. Tafakari haifiki saa nne kwa sababu hakuna anayeihesabu saa tatu usiku.

Mt. Inyasi wa Loyola alikuwa na uchunguzi wa dhamiri wa hatua tano: shukrani, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kuazimia kesho. Dakika kumi mpaka kumi na tano. Lakini alikuwa na mwingine, wa kosa moja tu. Asubuhi unaazimia kujihadhari na kosa hilo. Baada ya chakula cha mchana unapitia saa zilizopita, unaweka nukta kwenye mstari kwa kila mara uliyoanguka. Baada ya chakula cha usiku unafanya tena, kwenye mstari wa pili. Kesho unalinganisha na leo, wiki na wiki. Chukua kuapa, Mathayo 5:34-37. Marikiti mtu anaapa "haki ya Mungu" kwa kila bei. Weka nukta. Wiki ya kwanza utashangaa mstari ulivyojaa.

Mnaoharibu zoezi hili ni mnaochukua makosa manne kwa mpigo. Moja tu, mpaka nukta zipungue. Na msianzie na kosa. Hatua ya kwanza ni shukrani, anayeruka hapo hubaki anajichapa kila usiku na baada ya siku chache anaacha.

#22 Mkulima_Chuini
Nimesoma uzi wote kimya, na naona hatari. Daftari, nukta, mistari, saa mbili Kikwajuni, kazi ya jumuiya, kibaba cha ziada. Mnajenga Torati mpya. Farisayo wa Luka 18 naye alikuwa na hesabu safi: nafunga mara mbili kwa juma, natoa zaka katika mapato yangu yote. Aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru asiyekuwa na daftari.

Someni Marko 4:26-29. Mtu anamwaga mbegu, analala na kuamka, mbegu inamea na kukua asivyojua yeye. Nchi inazaa yenyewe, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu. Kuna Neno linaloingia asubuhi na halionekani saa nne, wala kesho, na linafanya kazi. Mkilipima saa nne mnalifukua.

#23 Mchambuzi_Fuoni
Mkulima, umenigusa pazuri. Lakini aya ya 29 ya fungu hilo hilo mtu anapeleka mundu mara. Hakulala msimu wote. Na Zakayo yule yule aliyeokolewa kwa neema tu alitaja nusu na mara nne. Farisayo alihesabu ili ajilinganishe na mtoza ushuru; Zakayo alihesabu ili mtu alipwe. Sioni kwa nini tuogope hesabu ya namna ya pili.

#24 Mkulima_Chuini
Zakayo hakuambiwa aandike. Alifurahi kwanza, aya ya 6. Furaha ndiyo iliyotoa hesabu. Ninyi mnaanza na hesabu mkitumaini furaha itakuja.

#25 Katekista_Machui
Hapo ndipo niliposema tangu #2. Kusoma kwanza.

#26 Mwanajumuiya_Tomondo
Na mimi bado nasema peke yake mtu hawezi, asome asisome. Zakayo alisimama akasema mbele ya watu.

#27 Bandarini_Mkoani
Kabla hamjaanza upya, nna swali la msimu wa karafuu. Mathayo 20, wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Huku Pemba mchumaji analipwa kwa pishi, si kwa siku. Aliyechuma pishi nyingi anapata nyingi, mzee aliyechuma moja anapata ya moja. Nikisoma mwenye shamba anawapa wote dinari, wa saa kumi na moja sawa na wa asubuhi, tendo langu ni lipi? Nilipe wote sawa? Kesho hakuna atakayepanda mkarafuu kwa bidii.

#28 Karafuu_Wete
Usibadilishe mapatano. Mwenye shamba wa Mathayo 20 wale wa asubuhi aliwalipa walichopatana, hakupunguza hata kidogo. Kwa hiyo la kwanza ni pishi kuwa pishi: vibaba vinne, na kipimo kile kile cha asubuhi kitumike jioni. Wengine hubadilisha mwishoni wachumaji wakiwa wamechoka na giza linaingia. Na kama mmepatana mfuto, iwe mfuto kwa wote, wewe na wao.

La pili, kulipa jioni ile ile. Aya ya 8, ilipokuwa jioni bwana alimwambia msimamizi awaite awalipe. Kumbukumbu 24:15 inataka ujira utoke kabla jua halijatua. Wanaoharibu ni wanaosema subiri karafuu zikauke na ziuzwe. Kukausha ni siku kadhaa za jua, mvua ikinyesha ni zaidi, na mchumaji anataka unga leo. Tenga fedha ya uchumaji kabla hujaita mtu shambani. Huna, chuma miti michache.

La tatu ndiyo la yule mzee wa pishi moja. Mlipe pishi yake mbele ya wote. Unachotaka kumwongezea mpe pembeni, kwa fedha yako, usikate ya wenzake. Kazi ya kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, chini ya mti ni ya kukaa, mpangie hiyo tangu asubuhi na mpatane bei yake mapema, asilazimike kupanda.

#29 Mkulima_Chuini
La tatu nalikubali lote. Ila kumpa pembeni, je, mwenye shamba si aliwalipa wa mwisho kwanza, mbele ya wale wa asubuhi, ili waone?

#30 Karafuu_Wete
Aliwalipa wa mwisho kwanza, ni kweli, na wakanung'unika. Hilo sina jibu lake kwa shamba la watu kumi na wawili wanaojuana. Nani ana?